Mzee Mayige Bujiku, Fundi Aliyezungusha Hendeli Mwenyewe

Marehemu Mzee Mayige Bujiku alizaliwa Shishiyu, Maswa, tarehe 14 Agosti 1958. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1974. Kuendelea hakuendelea, ng'ombe walihitaji mchungaji.

Mwaka 1979 aliajiriwa karakana ya kiwanda cha pamba, Bariadi. Alimwoa Nyanjige mwaka 1983, na mwaka 1994 akafungua gereji yake Somanda. Magari ya zamani ndiyo yaliyompa jina. Alilegeza distributa inayogawa cheche kwenye injini, akaizungusha kidogo kidogo huku anasikiliza, mpaka cheche ikafika kwa wakati wake. Ikichelewa, gari halina nguvu. Ikiwahi mno, injini inagonga, na hendeli ya kuwashia inaweza kurudi kinyume ikampiga anayewasha.

Hilo alilijua. Lakini msimu wa pamba wa 2001 wateja walikuwa wengi. Limbu, mtani wake tangu utotoni, alilalamika kuwa Landrova yake inashindwa mlima. Marehemu akawahisha cheche, na badala ya kuijaribu mwenyewe akasema, "Zungusha wewe, mtani, ugali wa mkeo nao ufanye kazi."

Hendeli ikarudi. Mkono wa kulia wa Limbu ulivunjika, ukaunga vibaya, na hakukamua ng'ombe tena.

Marehemu alipeleka mtamba wa fidia. Limbu akamrudisha, akasema, "Haina neno, Mzee Mayige." Mtani kukuita Mzee, ujue utani umekufa. Na mtu akikataa fidia, huna pa kuanzia mapatano. Tangu hapo marehemu hakumruhusu mteja yeyote kugusa hendeli. "Rudini nyuma," alisema. "Ikipiga, inipige mimi."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Wodini, kila mgeni aliyeingia, marehemu alimwuliza, "Limbu hajaja?" Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Machi 2025 hapa Bariadi.

Limbu alifika jana, mwili ukiwa umeshaletwa nyumbani. Aligonga jeneza kwa mkono uleule uliopinda.

"Ng'wana Bujiku, kuwahisha hujaacha tu? Nilikuwa njiani, bwege wewe."

Waombolezaji walicheka. Yeye akaketi chini, akalia.

Marehemu ameacha mjane, Nyanjige, watoto wanne, Josia, Violeth, Ndaki na Flora, wajukuu tisa, na mtani mmoja.

Apumzike sasa kwa amani. Aliyekuwa akimwulizia amefika.