Gunnvor Sletthaug na Rangi ya Kijivu

Ijumaa hii, tarehe 27 Februari, Gunnvor Sletthaug anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika Kvitrand, kampuni yetu ya ramani za barafu ya baharini, hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Amekataa zawadi na amekataa hotuba. Maandishi haya ameyakubali kwa sharti moja tu, yasizidi ukurasa. Amechoka, wala hafichi.

Alianza kazi kwa penseli za rangi. Picha za setilaiti zilipofika, alizitandaza juu ya kioo chenye taa na kuchora ramani ya barafu kwa mkono, hadi kaskazini mwa visiwa vya Svalbard. Kompyuta zilipoingia, wenzake waliguna. Yeye alijifunza kuandika programu kwa vitabu vya kuazima maktaba, na matunda yake leo yamo ndani ya meli zaidi ya mia mbili. Nahodha anataja uimara wa meli yake, programu inapima barafu iliyo mbele, kisha inampa rangi. Kijani, pita. Njano, punguza mwendo. Nyekundu, geuka.

Nimekaa naye meza moja miaka kumi na minane. Kahawa yake ni nzito hata kijiko kinasita. Aliyempelekea kazi yenye kosa alirudishiwa bila neno, kosa limezungushiwa wino mwekundu. Wapo wahandisi wazima waliopitia mlango wa nyuma ili wasikutane naye.

Lakini hatuwezi kuiruka habari ya meli ya Havbrand. Asubuhi moja ya Machi, miaka tisa iliyopita, meli hiyo ilikuwa ikipeleka vyakula Svalbard ikiwa na mabaharia kumi na tisa. Programu ilionyesha kijani. Gunnvor aliitazama picha ya rada kwa macho yake, akaona madoa asiyoyapenda: vipande vya barafu kongwe, ngumu kama saruji, vimejificha ndani ya barafu changa. Akampigia simu nahodha, Torleiv Brekkan.

"Torleiv, usiingie humo."

"Mama wee, mashine yako inasema kijani!"

"Mashine nimeiandika mimi, na nakwambia imekosea."

"Sasa nimwamini nani, wewe au wewe?"

Akacheka, akaingia. Baada ya saa tatu ubavu wa meli ulipasuka. Helikopta ziliwaokoa wote, ila mpishi wa meli alipoteza vidole vinne kwa baridi.

Uchunguzi ulimlaumu nahodha. Gunnvor hakuridhika. Aliandika ripoti yake mwenyewe, kurasa kumi na moja, akieleza kwamba programu ilichanganya barafu kongwe na changa ikatoa wastani, na hesabu ya wastani ule ilikuwa yake. Akaenda hospitali kumwambia mpishi hivyo hivyo. Alichojibiwa hajamsimulia mtu.

Kisha akapendekeza rangi ya nne, kijivu, maana yake "sijui".

"Nahodha gani atanunua programu inayosema sijui?" mkuu wa mauzo aliuliza.

"Basi muuzie inayodanganya," Gunnvor alimjibu.

Pendekezo lilikataliwa mara sita katika miaka minne. Nilimwona akizeeka humo, nywele kwanza, kisha mgongo, mwisho hata hasira zikamwishia. Mara ya saba Torleiv alikuja mwenyewe, bila Gunnvor kumwita, akasimama mbele ya wakuu.

"Siku ile mama huyu aliniambia hapana, mashine ikaniambia ndiyo," alisema. "Nikaifuata mashine kwa sababu haikuwa na wasiwasi. Ningeona kijivu, ningesimama."

Kijivu kikapita. Tulidhani Gunnvor angeshangilia. Alifunga daftari lake, akasema, "Haya, mimi naenda nyumbani." Ilikuwa saa nane mchana, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Tangu hapo manahodha wanatulalamikia kila wiki kwamba kijivu kinawachelewesha. Msimu uliopita meli arobaini na moja zilisimama mbele yake zikasubiri. Ngapi zingepasuka? Hatujui, na Gunnvor ametukataza kukisia.

Ahsante, Gunnvor. Umetufundisha kazi, na gumu zaidi, umetufundisha kutia sahihi chini ya makosa yetu. Tunakutakia afya, usingizi wa kushiba, na asubuhi nyingi zisizokudai chochote. Pumzika, dada yetu. Zamu tumeipokea.