Kumuaga Mhasibu Nélida, na Wafu Wetu wa Ukutani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wachimbaji wa Veta Colorada, don Fabriciano Quispaya. Waheshimiwa wajumbe wa bodi mliojisogeza karibu na keki. Padri, uliyewahi leo kwa sababu umesikia kuna supu. Ndugu wachimbaji, kina mama wajane, na wewe Licenciada Nélida Huarachi, mhasibu wetu mwenye shahada tunayekuaga: hamjambo nyote.

Nimepewa dakika tano na amri ya kuchekesha. Mwenyekiti alinijia jana akaniambia, “Don Casiano, wewe ndiye mzee wetu, na una utani. Fanya watu watoke wanacheka.” Nikamwambia sawa. Mapafu niliyaacha shimoni, lakini kipande kilichobaki kinatosha dakika tano. Shuleni sikufika mbali, kwa hiyo mtanisamehe nikikiita kitu kwa jina lake.

Nianze na msiba wa kompyuta. Nani hapa ameisahau ile mpya, iliyokuja bado imevaa nailoni? Tuliipokea kama tunavyopokea lori au winchi: riboni za karatasi, majani ya koka, na tone la pombe kwa Mama Ardhi. Lakini lori humwagiwa gurudumuni. Mwenyekiti wetu, kwa ukarimu wake usio na kizibo, aliimiminia singani, pombe yetu kali ya zabibu, kichwani, kwenye matundu yake ya kupumulia. Licenciada akapiga kelele, “Chini, don Fabriciano! Mwaga chini!” Naye akamjibu, “Binti, Mama Ardhi hapimiwi kwa kijiko.” Ikatoa moshi, ikazima, na programu ya hesabu tuliyoinunua ikafia humo humo. Tulipompigia simu aliyetuuzia, akasema pole sana, nunueni nyingine.

Ndipo Licenciada alipoiokota kompyuta kuukuu ya shule iliyofungwa. Ilikuwa inawaka kama mimi ninavyoamka: kwa kelele, na bila uhakika. Akaifuta kila kitu, akaiwekea mfumo wa bure uitwao Linux, tena ule mwepesi kabisa usio na mapambo, na bibi kizee akaanza kutembea. Halafu akatuita ofisini tuchague programu ya uhasibu, zote za bure, akituonyesha moja moja.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kama harusi, lakini haifanyi kazi bila intaneti, na intaneti kwetu huja kama askofu: mara moja kwa mwaka, na haikai ikala. Ya pili iliilemea mashine mpaka ikanyamaza. Ya tatu ilifunguka palepale, ya kijivu, mistari mitupu.

“Hii haina sura,” akasema Mwenyekiti.

“Hata wewe hatukukuchagua kwa sura, don Fabriciano,” akajibu doña Hilaria Colque, mjane wa marehemu Serapio.

Tulicheka, sivyo? Licenciada akasema ya tatu ndiyo itufaayo: haimlemei bibi kizee, haina mwenyewe wa kuja kuifunga kwa ufunguo, na mafungu yake ya hesabu tunayapanga wenyewe. Doña Hilaria akauliza, “Na waliokufa, humo watakaa wapi?”

Hapo hakucheka mtu.

Ndugu zangu, mnaujua ukuta wetu kule makaburini. Kila mchimbaji aliyekufa amezikwa humo, ndani ya tundu lake, na kila tundu lina ada ya mwaka. Programu ya zamani, tuliyoitumia miaka yote kabla ya ile kompyuta mpya, mfu asipolipiwa miaka miwili, ilimtupa penye wadaiwa sugu. Orodha ikichapwa, fundi anakuja na nyundo, mifupa inakwenda shimo la wote, na tundu linapewa mfanyabiashara wa mjini mwenye pesa mkononi. Mtu aliyeuawa na mwamba wetu anafukuzwa na nyundo yetu. Tumewaona wangapi? Na tulifanya nini, zaidi ya kuvua kofia?

Sasa sikilizeni alilolifanya huyu mwanamke. Alipokuwa akihamisha hesabu kutoka karatasi za zamani, alikuta kwamba kila mchimbaji, tangu siku ya kwanza kushuka shimoni, alikuwa anakatwa fungu la ukuta kwenye malipo yake. Programu ya zamani haikuwa na mahali pa fungu hilo, ikalimwaga kwenye “mengineyo”. Yeye akalifungulia mahali, akamrudishia kila mtu chake. Bibi kizee akapiga hesabu, akatoa jibu: wafu hawadaiwi. Walijilipia wakiwa hai.

Mimi nilikuwa nje ya ofisi siku ile, nikingoja cheti changu cha dawa, na ukuta wa ofisi ni bati tu.

“Lifute hilo fungu,” Mwenyekiti akasema.

“Silifuti.”

“Licenciada, matundu yale yameshapata wateja.”

“Yana wenyewe, don Fabriciano.”

“Basi tutakufanyia sherehe nzuri.”

Na kweli, sherehe ni nzuri. Keki ina jina lake, limeandikwa kwa sukari. Jumatatu anakuja mhasibu mwingine na programu ya kununua, na mafundi wameshaambiwa wafike na nyundo zao. Usikunje uso, Mwenyekiti; ulitaka utani, na huu ndio nilio nao.

Mwanangu Delfín yuko safu ya tatu ya ukuta, na yumo kwenye orodha. Waliponiletea, walimleta kwenye gunia la madini, kwa sababu machela isingekuwa na kazi. Kila sikukuu ya wafu nampelekea mkate wenye uso wa mtoto, nakaa chini yake, namsimulia mpira. Sitamtafuta kwenye shimo la wote. Sitajua mifupa ipi ni yake.

Licenciada Nélida, sina zawadi ya kukupa. Uliwahesabu wanetu kama watu. Asante, mama.

Nina ombi moja kwa mkutano huu. Mwenye mtu wake ukutani, asimame.

Doña Hilaria. Asante. Nani mwingine? Toribio, kaka zako wawili wako pale, mbona unaangalia viatu? Ninyi wa zamu ya usiku? Najua, bodi ndiyo inayogawa sehemu za kuchimba, na watoto wanakula. Najua. Padri, wewe keti, wako wako mbinguni.

Wawili, basi, pamoja nami. Jumatatu asubuhi doña Hilaria na mimi tutakuwa tumeuegemea ule ukuta, na fundi atachagua aanze kupiga wapi.

Mlionisikia, nawashukuru. Mliojifanya hamkusikia, keki hiyo hapo, kateni.