Mama Mhoja na Unyayo wa Kupandia Mawe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya miguu bandia hapa Mwanza, Mama Getruda Mhoja anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mnisamehe ikinishinda.

Alitokea Sengerema akiwa msichana, akaanza kwa kuchanganya plasta. Tangu hapo amewasimamisha wavuvi, wachunga ng'ombe na waendesha bodaboda wasiohesabika. Na kelele zake je! Ukilegeza skrubu moja, jengo zima litajua.

Roboti ilipoletwa, wengi tuliiogopa. Yeye akaibatiza Mchumba. Mgonjwa hufungwa chini ya kigutu kifaa cha chuma cha roboti hiyo, na kompyuta hukifanya kigumu au laini, kikiiga unyayo bandia huu, kisha ule. Anatembea, anachagua, ndipo tunaagiza unyayo wenyewe. Mama alisema uchumba ni wa kuchunguzana, ndoa baadaye. Akaweka na sheria: kila mtu aje na mzigo wake wa kila siku. Basi wakaja na majembe, ndoo, watoto mgongoni. Muuza dagaa mmoja alikuja na beseni limejaa, tukanuka wiki nzima. Mkuu wa idara alinuna mpaka Mama alipomkaangia hao dagaa.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamfanya mumewe, Mzee Obedi, akatwe mguu. Nyumba yao iko Igogo, juu kwenye mawe, gari halifiki. Siku ya kwenda hospitali alishushwa akiwa amebebwa mgongoni na jirani, watu wakitazama, na ilimuuma mno. Akaapa kwamba kupanda atapanda mwenyewe, la sivyo abaki kwa dada yake huko Buswelu. Alipokuja kwa Mchumba hakuleta mzigo. Alituomba tupange mawe sakafuni. Tukapanga. Alijaribu nyayo zote akachagua mmoja, laini kisiginoni, mgumu mbele. Alicheka siku ile, na Mama akatoka nje kufuta machozi.

Unyayo ulichelewa njiani. Mzee Obedi alifariki akiusubiri. Jamani, tulimpandisha Igogo mabegani, ndani ya jeneza. Sijawahi kubeba kitu kizito vile.

Boksi lilifika baada ya matanga. Tulidhani Mama ataliweka nyumbani liwe kumbukumbu. Akasema unyayo haufungiwi kabatini wakati watu wanatambaa. Lakini hakuutoa ovyo, sheria ilibaki ile ile. Akaja Shimba, anayechuuza mikate huko huko Igogo, na ndoo yake ya mikate. Mguu wake uliokatwa ni upande ule ule, saizi ile ile. Alijaribu nyayo zote bila kuambiwa kitu, akachagua ule wa Mzee Obedi. Mama alimfunga mwenyewe. Halafu akaingia stoo akalia kwa sauti, na hatukumzuia.

Sasa Shimba hupita mlangoni kwa Mama kila asubuhi akipanda. Mama huwahi kazini kabla hajapita. Alituambia hawezi kuusikia unyayo ule ukipanda, na Mzee mwenyewe hayupo.

Mama Mhoja, kuanzia Julai huna kazi ya kukimbilia. Asante kwa kila mtu uliyemsimamisha. Mungu akupe afya na siku nyingi za amani. Shimba akipita, mama yetu, fungua mlango ununue mkate.