Dawa ya Sisi Weusi

Kwenye Noah ya kwenda Mugumu, fundi cherehani Shaaban alimweleza mama aliyekaa naye kwamba ameacha dawa ya presha kwa sababu ilimkohoza.

"Hiyo siyo yetu, mzee," mama alisema, akiinua pakiti yake kama cheti cha ubatizo. "Dokta amesema sisi weusi inatufaa zaidi hii."

"Kwani presha inaangalia rangi?"

"Dawa yako ndiyo haikuangalia, ikakukohoza."

"Haya, hiyo yako imekushushia presha?"

"Sijaianza. Nangoja kichwa kianze kuuma."

Mzee alimcheka sana. Yeye siku hizi anajitibu kwa kitunguu saumu, anachotafuna na supu yenye chumvi ya kutosha.

Gari liliposimama Morotonga walishuka wote wawili, kila mmoja akimhurumia mwenzake.