Tangu Pasaka Hatujamwona Mama Marceline

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Kikula, kwenye benchi la mbao mbele ya kibanda cha Mama Bibiane, anayeuza kahawa na mikate ya kukaanga. Ukikaa hapo, unatazamana na mlango wa bluu wa Docta Godefroid, mzee wa pensheni. Alitibu wagonjwa wa akili kule Lubumbashi miaka mingi, kisha akarudi kuishi hapa na mkewe, Mama Marceline. Mama huyo tulimjua vizuri. Alikuwa anaimba kwaya parokiani, na akipita alisalimu kila mtu kwa jina lake. Tangu Pasaka hakuna aliyemwona. Alasiri ile gitaa lilipoanza kulia nyuma ya ukuta, Ricky, tunayemwita Antena kwa sababu hakuna habari inayompita, aliweka kikombe chini.

— Munasikia? Paka ule wimbo moja tu. Kila siku wimbo moja, juu ya sababu gani?

— Anaupenda, alisema Samy, aliyekuwa bado amekalia pikipiki yake ya kubebea abiria.

— Na kufuli, anaipenda pia? Weye ulishaka kuona muntu anafunga mulango na kufuli muchana, na ye mwenyewe iko ndani?

Vieux Nicolas alikohoa. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha Shituru, lakini tunamwita Komisea, kama mkuu wa polisi, kwa namna anavyohoji watu.

— Tupange mambo. Bibi yake haonekane. Njo ya kwanza. Ya pili: kila Jumamosi banafunzi ba unesi banaingia mule, ati anabafundisha. Minye niliona binti moja anatoka, analia.

— Pengine alianguka mutihani, alisema Samy.

— Mutihani gani mu salon ya nyumba ya muntu? Alilia sawa muntu mwenye kutoka ku kilio ya matanga.

Antena alisogea karibu, akapunguza sauti.

— Ule muzee alishinda miaka yote na benye wazimu. Wazimu haiishake, inahama tu. Ukiitoa kwa muntu, lazima uiweke fasi ingine. Yeye aliiweka wapi? Aliiweka mu bibi yake.

— Na gitaa?

— Gitaa njo inaituliza. Siku ataacha kupiga, itatoka, itaingia kwetu.

— Minye naona bibi alishakufa, alisema Komisea. Tazama paneli ya jua pale juu. Bwawa ya Mwadingusha ikikata kura ya umeme, Kikula yote giza, paka kwake tu frigo inatumika. Muzee moja, frigo ya nini?

Mama Bibiane aliacha kumimina kahawa.

— Komisea, unasema nini?

— Siseme kitu. Nauliza.

Samy, aliyekuwa akimtetea Docta, alikuna kidevu.

— Lakini kuko kitu. Binti yake Michelle, ule wa Bulaya, alikuja kubabeba bote wawili. Tikiti ya ndege tayari. Baba akakatala. Minye njo nilimurudisha binti ku otobisi, analia nyuma yangu ku pikipiki. Anasema: papa anakatala, eti mama atapotea kule.

— Nani anakatalaka Bulaya? aliuliza Antena.

— Mwenye kuficha kitu, alisema Komisea. Kesho tunaenda kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Akikawia, bavijana babomoe ule mulango.

Hapo gitaa lilinyamaza.

Mlango wa bluu ulifunguka, kufuli likining'inia wazi, na Mama Marceline akatoka, peku, amevaa sare ya kwaya iliyogeuzwa ndani nje. Alikuwa amekonda. Alivuka barabara polepole akaja kuketi kati yangu na Antena.

— Mama Marceline, aliita Mama Bibiane, akimpa kahawa.

Yeye aligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Docta alitoka mbio, gitaa mkononi, kandambili mguu mmoja. Alipotuona alisimama katikati ya barabara. Mama Marceline alishika mkono wa shati la Antena.

— Ba baba, aliuliza, huyu baba ni nani? Ananifuata kila fasi.

Komisea aliangalia kikombe chake. Alasiri nzima tulikuwa tunaeleza Docta ni mtu gani.

— Asubuhi nilikuwa kaka yake, alisema Docta, akihema. Jana, fundi wa bomba. Hapana neno.

Kisha akamwambia mkewe:

— Miye mwalimu wa wimbo, mama. Kwaya inakungojea.

Akaanza kupiga ule wimbo, pale pale kwenye vumbi. Mama alisikiliza, akakunja uso.

— Unachelewa pale, alimkosoa. Rudilia.

Docta akarudia. Mama akaachia shati la Antena, akaanza kuimba, sauti yake bado ile ile ya parokiani. Docta akarudi kinyumenyume akipiga, naye akamfuata hadi ndani. Tulisikia kufuli likifungwa.

Komisea hakumtaja tena shefu wa kartie. Mama Bibiane alichukua birika na sahani ya mikate, akatutazama mmoja mmoja, akangoja kuona nani atainuka. Kisha akavuka barabara, akagonga.

— Njo nani? aliuliza Docta kwa ndani.

— Ni miye, Bibiane. Miye peke yangu.