Mti Tuliouzika Ndani ya Ukuta wa Bwawa

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Momanyi, kaa hapa kichwani. Bitutu, shika huu mkono ulio baridi. Nawe Okoth, mkwe wangu, najua kwetu mkwe haingii chumba cha baba mkwe, basi baki hapo kizingitini, utazame nje ukipenda, lakini masikio yako niletee yote mawili. Nasema Kiswahili kwa ajili yako, kwa sababu umetoka ziwani na Ekegusii chako bado ni cha sokoni, na haya nitakayoyasema hakuna anayepaswa kuyaelewa kuliko wewe unayejenga madaraja.

Ya mali nitayamaliza upesi, maana mali yenyewe haichoshi ulimi. Shamba la juu lenye pareto ni la Momanyi, pamoja na lile la wimbi hadi kwenye kijito. Ng'ombe mwekundu na ndama wake ni wa Bitutu, na asisimame mtu kaburini kwangu kusema binti aliyeolewa hana fungu kwa baba yake, kwa kuwa miezi saba hii aliyenipikia uji na kunigeuza ubavu ni yeye, wakati wewe Momanyi ulikuwa unashinda bwawani na mashua zako. Bwawa simgawii mtu. Hilo bwawa ndilo lililonifanya niwaite asubuhi hii, kabla hata ya mchungaji.

Momanyi, ulikuwa ukitambaa tulipolijenga, mwaka uliofuata ule wa nzige. Kulikuwa na mzungu amepanga nyumba huku juu ya Keumbu, tukimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuivua kofia yake hata akiogelea, na huyo alitaka maji ya kuchezea, apige kasia jioni na kuvua samaki asiowala. Tulimcheka sana. Lakini kazi aliijua. Alinifanya nyapara wa watu kumi, akatufundisha kuchimba msingi mpaka udongo mgumu, kushindilia udongo mwekundu tabaka juu ya tabaka, na kuacha mkondo kule kwenye mwamba ili maji yakizidi yatokee pembeni, yasipande ukuta. Na akaniambia mimi, ana kwa ana, kwamba kisiki hata kimoja kisibaki ndani, kwa sababu mti ukizikwa ukutani huoza, na palipooza huwa njia ya maji.

Sasa, katikati kabisa pa kupitisha ukuta palikuwa na omotembe, mti wetu wa viapo. Dhoruba ya zamani iliuangusha ukalala ubavu, lakini haukufa. Kila mwaka ulitoa maua yake mekundu ukiwa umelala vilevile. Chini ya mti huo babu yangu na babu yake Nyangate, huyu jirani yetu wa bondeni, waliapa kukomesha vita vya mpaka kati ya ukoo wetu na wao, na mtu aliyekula kiapo kwenye omotembe, au mjukuu wake, hapitishi panga hapo. Wenzangu walitupa majembe chini. Nami pia niliogopa, siwafichi. Bwana Kofia alikuwa ameondoka siku tatu kwenda Kisumu, basi katika siku hizo tatu tuliukunja matawi, tukaufunga kamba, tukaumwagia udongo na kuushindilia. Tuliuzika mti ukiwa hai. Kisha tukaapa juu yake, watu kumi na mmoja, kwamba atakayefungua kinywa, yeye na uzao wake wasione mavuno. Mzungu aliporudi aliniuliza, “Ogari, ule mti mmeung'oa?” Nikamjibu, “Ndiyo Bwana, mpaka mzizi wa mwisho.” Akanipiga begani kwa furaha, nami nikacheka naye.

Ukuta ukasimama. Mvua ya kwanza, ya pili, ya kumi, ukasimama, na mimi nikaanza kujiona fundi. Bwana Kofia alikwenda vitani na hakurudi, na bwawa likawa letu sisi tunaokaa karibu. Wakaja walimu, wakaja makarani wa mjini na wake zao na vikapu vya chakula, na Gulled mwana wa Issack, yule mfanyabiashara wa Kisii, akaleta watu kwa lori lake kila Jumapili. Nyimbo, watoto wanaogelea, vijana wanachumbiana juu ya ukuta. Walipenda kuketi palepale katikati, kwenye majani laini. Kila nilipowaona wameketi hapo niliwasalimia nikapita, kama mtu asiyejua kilicho chini yao. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilianza kwa kujenga ukuta, na ufa nikautia ndani kwa mikono yangu.

Mwaka juzi Nyangate alipanda kutoka bondeni na kibuyu mkononi. Mnajua tulivyochukiana, kwa ajili ya ule mpaka ambao hata kiapo cha mababu hakikuumaliza vizuri. Alikuja barazani mbele ya wazee wote, akamimina maji yake katika bakuli la jiwe lililochongwa kule Tabaka, maji ya rangi ya kutu, akasema yanatoka chini ya ukuta na kuingia katika migomba yake. Nilielewa mara moja. Bwana Kofia alitufundisha hivi: maji safi yakivuja, ukuta unatoka jasho tu, maji yenye udongo yakivuja, ukuta unaliwa kutoka ndani. Nilielewa, wanangu, nami nikasimama nikasema labda mzee Nyangate ameshindwa kufika chooni. Baraza zima likaangua kicheko. Alikunja blanketi lake akaenda zake, na tangu siku hiyo hajasema neno juu ya bwawa. Nimetenda mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Na wewe Momanyi, usiangalie chini, sikupigi. Najua umeziba ule mkondo wa mwambani kwa mawe na magunia ya mchanga ili maji yajae, mashua zipate nafasi, na wageni wa Gulled Jumapili hii wakute ziwa na si dimbwi. Hukujua, kwa sababu sikukuambia. Lakini jana Bitutu alipita huko akaniletea habari tatu: maji yamebakiza vidole vinne kufika juu, chini ya ukuta yanatoka mekundu tena kwa nguvu, na katikati, pale wanapoketi vijana, pamebonyea shimo la kuingia kichwa cha ndama. Okoth, umesikia? Nimeona umegeuka. Basi umeelewa, mkwe wangu.

Mtaniuliza, na kiapo je? Wale kumi wamekufa wote, wa mwisho alikuwa Mogire, naye hadi anakata roho alikuwa akinikazia macho nisiseme. Nimelala na kiapo hiki miezi saba. Kama kinaua, kinaua uzao wangu, ndio nyinyi. Na bwawa likipasuka linaua uzao wa Nyangate, watu kumi na wanne katika ua mmoja, na mtoto wa mwisho bado hajaota jino. Sikupata njia ya tatu. Nimechagua, na ninaogopa kwa ajili yenu, naogopa sana, wala mchungaji asiniambie kwamba ni ushirikina, kwa kuwa si wanawe walioapiwa.

Kwa hiyo shikeni haya. Momanyi, kimbia kwanza kwa Nyangate, kabla ya kugusa jiwe lolote. Usisimame uani ukapiga kelele, ingia, piga magoti, mwambie, “Baba, Ogari amekubali mbele yetu kwamba ulisema kweli na yeye alijua.” Akikutukana, pokea. Akikupiga, pokea, mradi awapandishe watoto na ng'ombe kilimani. Halafu mwombe, yeye ambaye babu yake aliapa pale, aje na kondoo atusafishe na kile kiapo, kwa maana katika bonde hili hakuna mwingine aliyebaki mwenye haki hiyo. Asipotaka, ni haki yake pia.

Okoth, wewe na vijana wa jirani nendeni kwenye mwamba. Ondoeni magunia moja moja, maji yateremke polepole. Msichimbe ukuta hata kwa jembe moja, hata mkiona haraka inawashinda, kwani ukikatwa katikati hautangoja mtu. Mtu asipite juu yake. Yakisha kushuka, siku nyingine, chimbueni ule mti… kama kimebaki chochote. Mpelekeeni Gulled habari asilete lori. Bwawa lisirudishwe. Wakitaka kuogelea, waende kwao Okoth ziwani.

Nipe maji, Bitutu. Kidogo. Basi.

Engoro, Mungu wa mababu, awatangulie. Momanyi, uwe na wana wanaokuuliza maswali, na uwe na moyo wa kuwajibu. Bitutu, mikono yako isikose kazi, wala isikose wa kuishika. Okoth… nilipokukataa mwanzo, kwa sababu ya kabila lako, nilikosea. Nilitaka kulisema hilo siku nzuri zaidi.

Bitutu utabaki nami. Sikiliza. Nikikata roho kabla hawajarudi, usipige yowe. Najua ni aibu, najua watasema baba yake alikufa kama mbwa. Lakini ukilia, bonde lote litaacha kazi lije hapa, na Okoth atabaki mwambani peke yake, na Nyangate naye atawaacha watoto aje, maana kwenye msiba hata adui huja. Nifunike. Funga mlango. Kaa kimya mpaka usikie maji yameshuka, hata kama ni kesho… hata kama ni kesho kutwa. Kisha unililie, mwanangu. Unililie sana.

Mbona bado mmesimama? Nendeni.