Dereva Aliyengoja Konvoi Ndani ya Televisheni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Na wale wa kwetu Mwingi na kule juu zaidi, Bwana asifiwe. Nikisahau kundi moja hapa nitarudi nyumbani kwa miguu. Mwenyekiti ameniomba nisimame niwaambie nyinyi madereva wenzangu jinsi nilivyorudi kwenye usukani, na amenionya nisitaje mtu kwa jina. Sitataja. Lakini nikifika kwenye sehemu yako usianze kujikuna, maana watu watakujua.

Wengi mnaikumbuka ile mvua ya El Niño. Barabara ya Wajir iligeuka uji. Nilikuwa na lori la magunia ya unga, katikati ya konvoi, polisi mbele, polisi nyuma, kama kawaida yetu huku. Tukafika kwenye laga, ule mto mkavu ambao siku hiyo haukuwa mkavu hata kidogo. Malori ya mbele yalivuka salama. Mimi nikaingia, na ardhi ikakatika chini ya tairi la nyuma. Lori likalala ubavu. Mguu ulibanwa, maji yakaingia kebini, yakafika kifuani, yakafika shingoni. Ndugu zangu, niliomba kwa kila dini ninayoijua. Wachunga ngamia walitutoa kwa kamba, mimi na taniboi wangu, yule kijana wa kunisaidia garini, na hakufa mtu. Kila aliyeniona aliniambia nishukuru Mungu kwa kuwa nimepona.

Sikuwa nimepona. Mguu ulipona, lakini mikono ilikataa. Nilipewa lori jingine, nikapanda, nikafunga mlango, na mikono ikatetemeka mpaka ufunguo ukaanguka sakafuni. Nikajaribu kesho yake. Nikajaribu wiki iliyofuata. Wapi! Mimi nilijua kazi moja tu duniani, na mikono yangu mwenyewe ilikuwa imenifukuza kazi. Nikawa nazunguka njia ya mbali ili nisipite kwenye stendi ya malori, msije mkaniita. Nyumbani nikawa mtu wa kukaa mlangoni kutazama mbuzi wa jirani. Mwanzoni mke wangu aliniuliza nitarudi lini kazini. Baadaye akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipolia.

Sasa mtakaponicheka ni hapa. Chekeni tu, nimezoea.

Karibu na Soko Mugdi, pale mjini kwetu, kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Kismayu wakati wa vita. Ndugu zake walio ng'ambo walimpelekea televisheni na mashine ya gemu, akafungua chumba cha vijana kuchezea. Siku moja jenereta yake ilizima. Alijua mimi ni mtu wa kugusagusa injini, akatuma niitwe. Nikaitengeneza. Nilipotaka kuondoka akanivutia kiti. Kwake kila mtu ni walaal, yaani ndugu, na kwa Kiswahili chake 'pumzika' ni 'bumzika'.

"Kaa, walaal. Bumzika. Cheza kidogo."

Nikapewa kile kidude cha vitufe wanachokiita padi. Gemu yenyewe ilikuwa ya mashindano ya magari. Kushika tu, mikono ikaanza mambo yake. Kona ya kwanza nikaikosa, gari likaruka genge, nikasimama kwa kelele na soda ya mtu ikamwagika. Nilipofungua macho, gari langu lilikuwa barabarani tena, linang'aa, injini inanguruma.

"Limerudi?" nikauliza.

"Narudi," akasema mama. "Wewe anguka tu, yenyewe narudi. Kila saa. Haya, endesha!"

Nilianguka siku hiyo mpaka chumba kizima kikachoka kuhesabu. Na kila gari liliporudi, kifua changu kilifunguka kidogo. Mikono ilikuwa bado inatetemeka, ila gari lilikuwa linaenda.

Nikarudi kesho yake. Nikawa narudi kila siku baada ya sala ya alasiri, vijana wakiwa wengi. Na niwaambie aibu yangu kubwa. Siku nilipoweza kwa mara ya kwanza kuwapita wote, niko mbele peke yangu, naona ile bendera ya mwisho pale, mimi nikafanya nini? Nikashika breki. Nikasimama kando ya barabara nikiwangoja wenzangu.

Naona mnacheka, lakini nani kati yenu angefanya vingine? Huku kwetu nani anatangulia peke yake? Ukiona nyuma hakuna taa za mwenzako, unasimama, unangoja. Ndivyo tulivyofundishwa na barabara. Basi yale magari yakanipita vuu, vuu, vuu, nikamaliza wa mwisho. Mama alishika kichwa.

"Bita, walaal, bita! Hii si konfoi! Hao ni adui yako!"

"Adui gani na tumetoka wote pamoja?" nikamwambia. Chumba kikavunjika kwa kicheko, na mimi nikajikuta nacheka nao. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimecheka tangu lagani.

Nikawa mchezaji kwelikweli, siwadanganyi. Nina maoni yangu kuhusu gemu za magari na mkiniuliza baadaye kwenye chai tutakesha. Zile za mashindano zinakufundisha kutazama mbali. Ukitazama boneti umekwisha, ukitazama kona inayofuata unapona. Ukuta wala hauogopwi, unausugua tu na unaendelea. Kisha kuna zile za vita, magari yamefungwa makombora, yanazunguka uwanjani mpaka libaki moja. Hizo mwanzoni nilizichukia. Nikasema, majambazi wa barabarani hawatoshi mpaka niwatafute kwenye televisheni? Lakini nikachagua lori, ambalo vijana wote walikuwa wanalidharau kwa sababu ni zito na halikimbii. Wao wanajua kwenda mbele tu. Mimi nimerudisha lori nyuma kwenye vichochoro vya soko miaka na miaka. Nikalirudisha lori langu mpaka kwenye kona ya ukuta, makombora yakatazama nje, nikangoja waje. Walikuja mmoja mmoja. Wallahi walijuta! Kuanzia siku hiyo wakaniita Abti Lori, mjomba wa lori.

Kijana mmoja alileta gemu nyingine, ya kweli kabisa. Gia, breki, ukigonga gari linaharibika na umekwisha. Wote waliisifu. Mimi mikono iliganda, nikaweka padi chini. Nikaelewa kitu kuhusu nafsi yangu. Mimi sikuhitaji gemu inayosema ukweli. Ukweli niliujua, ulinifika shingoni. Nilihitaji gemu ya uongo, yenye huruma, niangukie humo mpaka mwili uchoke kuogopa.

Mke wangu naye alikuwa na wasiwasi wake. Mume amekaa mlangoni miezi, ghafla anaoga, anavaa shati safi, anapotea kila jioni. Akanifuata. Baadaye aliniambia alikuja tayari kwa vita na mke mwenza. Alisimama nje akasikia kicheko changu, akashindwa kuingia. Hatimaye alipoingia macho yalikuwa mekundu, na mama akampa padi. Ndugu zangu, mke wangu haendeshi, anaua! Lakini jioni ile tulirudi nyumbani tukiongea njia nzima kama watu wanaochumbiana.

Basi tajiri wangu mmoja akaniomba niende na lori lake Wajir, si kama dereva, kama fundi tu. Nikakubali. Tulilala Modogashe, na asubuhi dereva akaamka na malaria kali, hawezi kusimama. Konvoi inataka kuondoka. Polisi wanasema ni sasa au lori libaki. Madereva wakaja mmoja mmoja wakasimama karibu nami. Baadhi yenu mko hapa. Hakuna aliyeniambia panda. Mlisimama tu, mkatazama chini, na mimi nilijua hamngeondoka mkatuacha.

Nikapanda. Mikono ikaanza. Nikangoja itulie, ikakataa. Ndipo nikajiambia, kule kwa mama pia ilikuwa inatetemeka na gari lilikuwa linaenda. Nani alisema lazima itulie kwanza? Nikawasha injini nikiwa natetemeka hivyo hivyo.

Tulipofika kwenye laga ile ile, nilisimama, nikashuka, nikaipima kwa miguu yangu ng'ambo hadi ng'ambo. Hapo hakuna gari linalorudi lenyewe, na nilikuwa na woga. Ila ulikuwa woga wa dereva, ule wa kukufanya upime njia. Nikapanda, nikaingia na gia ndogo, taratibu, nikatazama mbali. Nikatoka upande wa pili. Mbele na nyuma malori yote yakapiga honi, mpaka polisi wakadhani tumevamiwa. Nililia na kucheka mpaka Wajir.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, ambaye hajui kuendesha hata mkokoteni. Nawashukuru vijana walionicheka bila kunidharau, na mke wangu aliyekuja na hasira akabaki. Nawashukuru nyinyi mliosimama pale Modogashe. Nililojifunza ni hili tu: msimwambie mwenzenu aache kuogopa. Mtafutieni mahali pa kuangukia pasipoua, kisha mkae naye.

Mwisho, kesho asubuhi naondoka kwenda Buna. Humu ndani yuko ndugu ambaye hajagusa usukani tangu ajali yake. Simtaji, na nyinyi msigeuke kumtafuta. Kiti cha kando kiko wazi, ndugu yangu. Njoo ukae tu. Mikono ikikubali njiani tutabadilishana viti, na isipokubali tutapiga stori mpaka Buna.